Kuzitambua na Kuzipima Hatari za Uwanja wa Ndege

Msafiri atokaye Karagwe au Kyerwa na kutaka kupanda ndege ya abiria kwenda Mwanza au Dar es Salaam huanzia Bukoba, ambako uwanja wa ndege umepakana na Ziwa Viktoria. Pale huiendea ndege kwa miguu. Mwendo huo mfupi ni somo zuri la sayansi ya usalama.

Sayansi hii hutenganisha chanzo cha hatari na uzito wake. Rafadha, yaani mapanga yazungushwayo na injini ya ndege, ni chanzo cha hatari. Izungukapo kwa kasi, jicho haliwezi kulifuata kila panga. Mtu huweza kudhani kuwa mbele yake ni peupe. Ili kuujua uzito, twauliza: je, ajali yaelekea kutokea? Ikitokea, itadhuru kiasi gani? Tuseme, kwa mfano wa darasani, kila jibu lapewa alama 1 hadi 5, kisha tuzidishe. Kupigwa na rafadha: 2 × 5 = 10. Kujikwaa ngazini: 3 × 2 = 6. Kumbe jambo la nadra laweza kustahili kushughulikiwa kwanza.

Kinga iliyo bora ni kukiondoa chanzo: injini izimwe kabla abiria hawajashuka. Ya pili ni kutenganisha: katika ndege aina ya ATR 42, abiria hupandia mlango wa nyuma, mbali na rafadha. Maonyo na alama huja mwisho, kwani hutegemea kumbukumbu ya binadamu.

Lakini ziwa haliondoleki. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 iliyokuwa ikijiandaa kutua Bukoba ilianguka majini. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa waokoaji wa kwanza. Basi chanzo kisichoondoleka hudai maandalizi: boti, vifaa, mazoezi, na wavuvi kuhesabiwa mapema katika mpango wa uokoaji.

Mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi kwenye kituo cha mabasi kilicho karibu. Waorodheshe vyanzo vya hatari, wavipe alama, kisha wawaulize makuli na madereva wameona nini. Afanyaye kazi mahali pale kila siku huiona hatari mapema. Shurti aweze kuitaja bila kuogopa adhabu.