Mfundishe Mtoto Kupima Jaribio Kabla ya Kuliamini

Mnunuzi huweza kupotoshwa hata na kile alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Tuchukulie mfano wa muuzaji katika stendi ya Buzuruga: anatia unga katika ndoo ya maji ya tope, maji yanatakata, kisha anatangaza kwamba yako salama kunywewa. Mtoto aliyesimama kando yako ameona jaribio, na huenda akaliamini. Tunamshauri mzazi amfundishe mtoto kulipima, kwa sababu uamuzi utokanao nalo waweza kuleta kipindupindu nyumbani.

Watoto wanaweza kujifunza jambo hili. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao walifanya utafiti katika shule za msingi 120 nchini Uganda, ukihusisha watoto zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Baadhi ya shule zilifundisha namna ya kupima madai kuhusu tiba. Katika mtihani uliofuata, asilimia 69 ya waliofundishwa walifaulu, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao. Kwa watoto wadogo zaidi, waweza kuanza na jaribio rahisi la nyumbani.

Jaribio lenyewe

Chukua chupa mbili zinazolingana, zenye kuonyesha kilichomo. Koroga ndoo moja ya maji ya tope, kisha zijaze zote mbili. Mtu mzima atie shabu kidogo katika chupa moja. Zitikise zote sawasawa na kuziacha mahali pamoja. Mtoto achore anachokiona kila baada ya nusu saa. Maji haya yasinywewe.

Maswali matatu ya kumuuliza mtoto

1. Tumelinganisha na nini? Tope hutuama lenyewe maji yakitulia. Bila chupa ya pili, hatuwezi kujua ni kazi ipi iliyofanywa na shabu. Ndoo ya muuzaji ilikuwa peke yake.

2. Je, tumebadilisha kitu kimoja tu? Kama chupa moja ilikaa usiku kucha na nyingine saa moja, ulinganisho huo si wa haki. Urudiwe.

3. Je, jaribio limejibu swali lililoulizwa? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Jaribio limepima kutakata kwa maji, ilhali muuzaji amezungumzia usalama. Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho, na maji yaliyotakata yaweza kuwa navyo. Shabu hutuamisha tope, lakini haitoshi kuyafanya maji yawe salama.

Mwishoni, mtoto akamilishe sentensi mbili: "Tumeona kwamba…" na "Hatujaona kwamba…". Mtoto akisema, "Tumeona kwamba maji yametakata, hatujaona kwamba hayana vijidudu," ameelewa somo.

Kumbuka

Maji ya kunywa, hata yaliyotakata, yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja au zaidi, yapoe, na yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko. Kwa maji ya chupa, angalia alama ya ubora ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na muuzaji yeyote akikuonyesha maajabu ya bidhaa yake, muulize kwa upole mbele ya mtoto: "Umelinganisha na nini?"