Chenso inawaka, ikivutwa inazama

Msimu wa kuvuna misindano huko Mufindi, milio ya chenso huanza umande ukiwa bado haujakauka. Shamba la miti la Serikali la Sao Hill pekee lina zaidi ya hekta 135,000, na pembeni yake kuna mashamba ya watu binafsi, ekari mbili hapa, ekari kumi pale, ambayo wenyewe huyavuna kwa msumeno wa kukodi. Katika kazi hiyo kuna ugonjwa mmoja unaofahamika kwa kila mpasuaji. Chenso inawaka, inatulia vizuri kwenye silensa, yaani ikiwa haijavutwa, haizimiki. Ukibana kifyatulio ili mnyororo uanze kula mti, mlio unazama chini, injini inakoroma, na mara nyingine inazima kabisa.

Mafundi wengi wakiisikia hukimbilia bisibisi. Skrubu za kabureta ziko pale pembeni, H na L, zinaonekana, zinazungushika. Nadhani hapo ndipo misumeno mingi inapoharibiwa, kwa sababu skrubu hazijizungushi zenyewe usiku. Kama jana chenso ilikata magogo na leo haivuti, kuna kitu kimeziba, kimepasuka au kimechakaa, na kuchezea skrubu ni kukificha tu.

Kwanza hakikisha kuwa inaumwa kweli. Breki ya mnyororo ikiwa imefungwa, klachi huteleza, moshi na harufu ya kuungua hutoka, na mtu asiye mzoefu huapa kwamba injini imeisha nguvu. Choki iliyosahaulika nusu nayo huleta kilio kilekile.

Baada ya hapo, sikiliza inachokuambia. Injini inayowaka na kutulia ina cheche, na plagi yake haijafa. Kinachokosekana, mara nyingi, ni chakula au pumzi. Kwenye silensa huzunguka kama mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, na mafuta machache inayohitaji hupita kwenye vitundu vidogo karibu na kipepeo cha kabureta. Ikivutwa hadi mwisho, misumeno mingi ya kazi hufika 12,000 hadi 14,000, na hapo mafuta lazima yapite njia kubwa. Njia ndogo inaweza kuwa safi na ile kubwa imeziba. Ndiyo maana msumeno unakuchekea ukiwa umepumzika, kisha unakugomea kazini.

Kuna kipimo kisichogharimu hata senti. Weka chenso chini, mnyororo usiguse kitu, kanyaga mkono wake wa nyuma, iwashe. Funga choki kidogo, kisha bana kifyatulio. Ikichangamka kuliko mwanzo, injini ina njaa: petroli haifiki ya kutosha, au kuna hewa ya wizi inayoingia mahali isipotakiwa. Ikizidi kukaba na kutoa moshi mzito, petroli ipo tele, kinachokosekana ni hewa.

Upande wa hewa ni mwepesi. Fungua filta. Anayepasua mbao za msindano kwa chenso hutoa vumbi laini kuliko anayeangusha miti tu, na vumbi hilo likichanganyika na utomvu na oili hugeuka uji mzito unaoganda kwenye filta. Kuipigapiga gotini hakusaidii. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uiache ikauke kabisa. Kisha tazama ekzosi. Nyingi zina wavu mdogo wa kuzuia cheche, na kwa wanaochanganya petroli na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari, wavu huo huziba kwa masizi mpaka moshi unakosa pa kutokea. Brashi ya waya inatosha.

Upande wa njaa ndio wenye mambo. Anza na tangi. Msumeno ukianza kuzama, legeza kifuniko. Ukisikia "tsss" na injini ikapata nguvu, tundu la tangi la kupumulia limeziba; petroli inagoma kutoka, kama maji kwenye dumu lisilo na tundu la pili. Kisha kunja ncha ya waya, ingiza kwenye mdomo wa tangi, uvute nje mpira wa mafuta pamoja na filta yake ndogo iliyo mwishoni. Ikiwa nyeusi na inateleza, badilisha. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na siku moja ya kazi iliyopotea. Ukunje na mpira wenyewe kati ya vidole, maana nyufa zake hazionekani ukiwa umenyooka.

Vyote vikiwa vizuri, sasa fungua kabureta. Fundi wa bodaboda atatafuta floti na hataiona. Chenso hufanya kazi ikiwa imelala ubavu au kupinduliwa, kwa hiyo petroli hupimwa na kiwambo chembamba, na kiwambo kingine huisukuma kama pampu, kikiendeshwa na msukumo wa hewa wa injini yenyewe. Kiwambo kizima ni laini na kimya. Kilichokwisha hukakamaa, na ukikibonyeza kwa kidole hutoa mlio kama karatasi. Chini ya kifuniko cha pampu kuna wavu mdogo mno, ambao wengi huufunga tena bila kujua upo. Huko takataka hukaa. Usichokoe vitundu kwa waya au sindano, utavipanua na kabureta haitapima sawasawa tena. Tumia upepo wa kompresa na petroli safi.

Sababu ya kuogopa bisibisi ni hii. Injini ya chenso haina oili yake pembeni. Oili yote huja ndani ya petroli, kwa misumeno mingi ya sasa sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Anayekaza skrubu ya H, yaani kupunguza petroli, ili mlio uwe mkali hufurahia sauti nzuri kwa muda mfupi, huku pistoni ikisuguana na silinda ikiwa kavu. Hewa ya wizi kwenye mpira unaounganisha kabureta na silinda hufanya uharibifu uleule. Plagi itakuonyesha: ikiwa kahawia, mchanganyiko uko sawa; nyeusi na yenye unyevu, petroli imezidi; nyeupe, zima kabla hujapoteza zaidi.

Ikibaki bila jibu, inua msumeno uliozimwa kwa kushika mpini wa kamba ya kuwashia. Ukishuka mara moja, mgandamizo umekwisha. Toa ekzosi uchungulie pistoni kwa tochi kupitia tundu lake. Ukiona mikwaruzo ya wima, usinunue pistoni peke yake dukani kabla hujaitoa silinda na kupitisha kidole ndani. Kama ukucha unakwama, vitu vyote viwili vimekwisha, na kabureta uliyokuwa ukiilaumu haina kosa.