Maradhi ya Diski za Kompyuta na Uhifadhi wa Sauti za Utafiti

Mtafiti wa lahaja wa siku hizi harudi tena kutoka vijijini na masanduku ya kanda; hurudi na diski moja ya kompyuta, nayo hutoshea mfukoni. Saa moja ya masimulizi yaliyorekodiwa kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, biti 24, njia mbili za sauti, huchukua kiasi cha gigabaiti 1. Hivyo diski ya terabaiti 1 yaweza kubeba saa zipatazo elfu. Wepesi huo ndio wenye hatari. Kadi za kamusi zikiliwa na mchwa, huliwa moja moja. Lakini diski ikifa, hufa na vyote vilivyomo, na mzee aliyesimulia huenda amekwisha fariki.

Yafaa kwanza ieleweke diski hiyo ni kitu gani. Ndani ya kasha lake mna sahani moja au zaidi, zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku, zinazozungushwa na mota mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya uso wa sahani huelea kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, kikibebwa na hewa inayokokotwa na mzunguko huo. Nafasi iliyopo baina yao haizidi sehemu chache tu za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa binadamu una unene wa sehemu kama hizo 70,000 hivi. Katika diski za mezani zinazozunguka mara 7,200, ukingo wa sahani hupita chini ya kichwa kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Si ajabu, basi, kwamba diski hufa; ajabu ni kwamba nyingi huishi kwa miaka.

Ama sababu za kufa ni nyingi. Diski ikianguka au ikigongwa ilhali yazunguka, kichwa hugusa sahani na kuikwaruza. Unga wa mkwaruzo huo husambaa na kuzusha mikwaruzo mingine. Mota nayo huchakaa hata ikashindwa kuzungusha. Ubao wa umeme huungua, hasa pale umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu, jambo ambalo wakazi wa miji ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa. Kadhalika kuna diski ambayo haifi, bali huharibika sehemu sehemu, na mwenyewe asijue mpaka siku atakapofungua faili isifunguke.

Wengi hutumaini kwamba diski itatoa dalili kwanza. Tumaini hilo ni dhaifu. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Tukiacha kipimo cha joto, zaidi ya asilimia 36 ya zile zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja katika vipimo vyake vya ndani. Diski mpya zisizo na sahani, zinazotunza chaji ya umeme katika vijumba vidogo, haziogopi sana kuanguka. Lakini vijumba hivyo huchakaa kwa kuandikwa, na zikiwekwa kabatini muda mrefu bila umeme, chaji yaweza kuvuja.

Dawa ni nakala. Jina lililoenea ni nakala rudufu, nalo lina upungufu wake: kurudufu ni kukifanya kitu kiwe viwili, wala neno halisemi viwili hivyo vikae wapi. Nakala iliyomo katika mkoba mmoja na kompyuta huibwa pamoja nayo. Moto wa Aprili 2021 katika Maktaba ya Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, haukuchagua rafu. Ndiyo maana kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh hutaka nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mahali pengine kabisa. Huduma za mtandaoni zinazolinganisha faili hazitoshi peke yake, kwa kuwa kinachofutwa huku hufutwa na kule.

Tena nakala ijaribiwe. Mwaka 1998, huko Marekani, sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ilifutwa kwa amri moja iliyokosewa. Kampuni ya Pixar ilikuwa na nakala, lakini ilipozirejea iliziona hazifai. Kilichookoa kazi ni nakala aliyokuwa nayo Galyn Susman nyumbani kwake. Basi mtafiti na azifungue faili chache za kila nakala kila baada ya miezi, na azisikilize. Akiweza, akokotoe kwa programu alama ya tarakimu ya kila faili siku ya kwanza. Biti moja ikibadilika, alama itakayokokotolewa baadaye haitalingana na ile.

Na diski iliyokwisha anza kugonga kwa sauti ya ta-ta-ta izimwe mara moja. Kila kuwashwa upya huzidisha mikwaruzo, na kuigandisha kwenye friji, kama baadhi ya watu wanavyoshauriana, huongeza unyevu juu ya ugonjwa. Mafundi wenye chumba kisicho na vumbi huweza wakati mwingine kuokoa kilichobaki, kwa gharama inayozidi bei ya diski kadhaa mpya.