Unapiga Chuma na Raba za Kukimbia? Hii Ndiyo Sababu Skwoti Zako Zinayumba

Wacha nikuulize, msee. Ushawahi kuwa katikati ya skwoti, chuma iko mabegani, halafu ukaskia miguu inacheza ni kama umesimama juu ya godoro? Ukaanza kulaumu githeri ya lunch, ukasema nguvu zimeisha. Kabla ulaumu tumbo, angalia chini. Inawezekana shida ni hiyo raba umedunga.

Wengi wetu tukianza tizi tunakuwa na raba moja ya kazi zote. Asubuhi ya kukimbia, jioni ya jimu, Jumapili ya rendezvous na mtu wako. Ukibeba uzani mdogo haina noma. Lakini siku utaweka kilo 80 ama 100 mgongoni, hiyo raba itaanza kukuchezea.

Kwani raba ya kukimbia iko na makosa gani?

Haina makosa, iko tu kwa kazi si yake. Raba ya kukimbia imeundwa kumeza kishindo kila mguu ukigonga lami. Ndio maana soli yake ni sponji nene, na zingine ziko na mfuko wa hewa pale kisigino.

Sasa simama na chuma juu ya hiyo sponji. Inabonyea, na haibonyei sawa pande zote. Kifundo cha mguu kinaegemea upande mmoja, goti linafuata, halafu mgongo unajaribu kurekebisha mambo ikiwa imechelewa. Hapo ndipo watu huumia. Pia kuna nguvu unapoteza: badala ya kusukuma sakafu, sehemu ya nguvu yako inaishia kubonyeza sponji.

Kama ni ya mtumba, ongeza tahadhari. Mwenye raba wa kwanza aliimaliza kulingana na vile yeye hutembea, so mara nyingi kisigino kimeisha upande mmoja. Ukiivaa unakuwa umesimama kwa mteremko bila kujua. Na sponji ikikaa miaka mingi huzeeka, hata kama juu raba inang'aa kama kamera.

Tafuta hivi

Soli iwe ngumu, bapa na isiyoteleza. Mguu usicheze ndani ukifunga kamba. Vidole vipate nafasi ya kujitandaza, juu ndivyo hushika balansi.

Na usidhani lazima uvunje benki. Wabebaji wengi wa chuma duniani hutumia Converse Chuck Taylor, kiatu kilichoanza kama cha basketiboli. Sababu ni rahisi: soli ni raba bapa, hakuna sponji nene ya kubonyea. Vans pia ziko hivyo. Na kama mfuko umetoboka, zile Ngoma za Bata ulidharau shuleni zinafanya kazi ileile.

Skwoti na dedilifti si kitu moja

Kuna viatu maalum vya kunyanyua uzani, vyenye kisigino kigumu kilichoinuka kama sentimita 2 na mkanda wa kukaza juu. Hicho kisigino kinasaidia magoti kwenda mbele bila kisigino chako kutoka chini, so unashuka skwoti ukiwa wima zaidi. Ni poa kwa mtu mwenye vifundo vigumu.

Unataka kujua kama ni wewe? Simama mbele ya ukuta, vidole vikiwa umbali wa kama sentimita 10. Jaribu kugusisha goti ukutani bila kuinua kisigino. Ukishindwa, vifundo vyako vimekaza. Kabla utoe ganji ya viatu maalum, fanya hilo zoezi kila siku, na uone kama skwoti itashuka.

Dedilifti ni kinyume. Hapa unataka kuwa karibu na sakafu, juu kila sentimita ya soli ni sentimita zaidi ya kuvuta chuma. Soli nyembamba ndiyo mwalimu.

Ukiwa Gikosh ama Toi, pima hivi

Kwanza, bonyeza soli pale kisigino na kidole gumba. Ikizama kama mandazi, rudisha. Pili, weka raba zote mbili juu ya kitu bapa na uziangalie kutoka nyuma. Yoyote inayolala upande, achana nayo hata muuzaji akushukishie bei. Tatu, ishike mbele na nyuma uikunje. Ikipasuka ama gundi ikianza kuachana, umeokoa pesa yako. Ya mwisho, ivae na uchuchumae hapo hapo. Watu watakuangalia, lakini goti ni lako.

Na patipati je?

Zii. Kwa jimu nyingi za mtaani chuma ni mikebe iliyojazwa simiti, na ikiteleza haiulizi. Patipati zinateleza, hazishiki kisigino, na vidole viko nje vikingoja ajali. Kupiga dedilifti na soksi kwa sakafu safi isiyoteleza ni sawa kama jimu yenu inakubali, lakini ujue soksi haitazuia pleti ikianguka. Hata raba ya kitambaa haiwezi, so bado panga chuma zako poa.

Bado hujaamini? Leo ukienda tizi, chukua uzani mwepesi, piga skwoti 5 na hizo raba za sponji. Halafu zivue, rudia 5 na uzani uleule ukiwa miguu mitupu. Sikiza vile kisigino kinashika chini. Ukiskia tofauti, raba zako za kukimbia ziache kwa barabara, na hiyo doo ya raba mpya anza kuitafuta polepole.