Sumu haisemi nani aliyeiweka

Ugaidi ukitajwa, Mkenya hukumbuka Agosti 7, 1998: mlipuko kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, vifusi, majeruhi. Sumu, hata hivyo, huua kimya. Dalili yake ya kwanza ni foleni ya wagonjwa wa aina moja hospitalini, na siku hiyo hakuna ajuaye kama chanzo ni virusi, kuvu au mtu.

Hali hiyo iliwakuta watu wa wilaya za Kitui na Makueni mwaka 2004. Wagonjwa walikuwa na macho ya manjano, wakitapika, matumbo yakivimba, ini likishindwa kazi. Kufikia Julai 20 walikuwa wamehesabiwa 317, na 125 walikuwa wamekufa. Takriban wanane katika kila kumi walitoka wilaya hizo mbili.

Wizara ya Afya iliungana na Shirika la Afya Duniani pamoja na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Baadhi ya vyakula vya kwanza kupimwa vilikuwa na sumukuvu, yaani aflatoksini, hadi sehemu 4,400 kwa bilioni. Kiwango halali wakati huo kilikuwa 20. Wataalamu wa afya ya mazingira wakaenda vijijini. Walilinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, wakapima damu, wakakagua mahindi na mahali yalipowekwa. Jibu likapatikana: mahindi ya shambani yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yangali na unyevu. Serikali ikagawa chakula mbadala.

Hapakuwa na adui. Lakini sumu hiyohiyo imewahi kuwa silaha: mwaka 1995 Iraki ilikiri kwa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kwamba iliijaza kwenye mabomu na vichwa vya makombora.

Kama mtu angeitia katika chakula kwa makusudi, hatua za mwanzo zingekuwa zilezile: daktari atoe taarifa mapema, sampuli ifike maabara, chakula kiondolewe. Ingeongezeka kazi ya polisi: kila gunia lifungwe, liandikwe lilikotoka na nani amelishika, ili lisimame mahakamani kama ushahidi.

Tangu 2013 afya ni jukumu la kaunti. Afisa wa afya ya umma mwenye pikipiki yenye mafuta, na kipima unyevu cha kuhakikisha mahindi hayazidi asilimia 13.5, yumo katika ulinzi wa nchi. Akikosa bajeti, mkosaji atajulikana baada ya mazishi.