Ardhi ya Kiwanda Ipimwe Kabla ya Kugawanywa

Kiwanda au mgodi ukifungwa mashambani, watu huhesabu hasara mbili: kazi zilizopotea na biashara zilizokufa pamoja nazo. Hasara ya tatu haihesabiwi, kwa kuwa haionekani kwa macho. Nayo ni ardhi iliyoachwa nyuma, ambayo kwa miaka mingi imenywa mafuta, asidi na madini yenye sumu. Nyasi zikishaota juu yake, mbuzi hupelekwa kulishwa hapo, kisha husikika fununu kwamba kiwanja kitagawiwa wananchi au kwamba pana mpango wa kujenga shule.

Rai yangu ni moja. Ardhi ya namna hiyo isirudishwe mikononi mwa wananchi kabla haijapimwa, na matokeo ya vipimo yasomwe hadharani, kwa lugha wanayoielewa wale watakaoishi juu yake.

Tuchukue mfano wa Macalder, huko Nyatike katika kaunti ya Migori. Mgodi wa mahali hapo ulitoa shaba, dhahabu na fedha hadi ulipofungwa mwaka 1966. Wenye mgodi waliondoka, lakini mawe yaliyosagwa na kutupwa baada ya madini kutolewa hayakuondoka nao. Malundo yake yalibaki wazi, yakipeperushwa na upepo wakati wa kiangazi na kukokotwa na maji wakati wa mvua. Wataalamu waliochunguza udongo na maji ya ukanda huo wa dhahabu wamekuta aseniki, risasi na zebaki. Isitoshe, wachimbaji wadogo, kwa kukosa riziki nyingine, huyaosha upya malundo yale yale wakitafuta chembe za dhahabu zilizosalia, nao hutumia zebaki kuzinasa. Hivyo sumu mpya huongezwa juu ya sumu kuukuu.

Hapa mwalimu wa kemia ana neno la kutueleza. Jani huoza, samadi huoza, na hata mafuta huliwa polepole na vijidudu vya udongoni. Lakini risasi na aseniki ni elementi, haziozi. Basi anayesema kwamba muda umepita na ardhi imejisafisha yenyewe anajidanganya. Kungoja si dawa.

Na madhara yake si mzaha. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huimeza bila kujua: hucheza mchangani, kisha akatia vidole kinywani. Miaka michache baadaye huenda akakaa darasani akishindwa kufuata somo, akaitwa mzembe, akaadhibiwa kwa kosa lililotendwa na udongo.

Gharama ya kuchelewa tumekwisha kuiona, ingawa si kijijini bali mjini Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014. Wakazi, wakiongozwa na Bi Phyllis Omido, walikwenda mahakamani. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe Sh1.3 bilioni na udongo usafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa ametimiza miaka kumi. Mahakama yaweza kuamuru fedha zilipwe, lakini haina uwezo wa kumrudishia mtoto akili iliyodhoofishwa.

Kupima kwenyewe si uganga. Kwanza huulizwa historia: matangi yalisimama wapi, taka zilimwagwa upande gani, maji machafu yalipitia mfereji upi. Mashahidi ni wazee waliofanya kazi pale. Kisha kiwanja hugawanywa miraba, na katika kila mraba huchukuliwa udongo wa juu na wa chini. Maji ya visima na ya mto hupimwa pia, juu na chini ya mahali penyewe. Mwisho, matokeo hulinganishwa na ya udongo wa mbali ambao haukuguswa na kiwanda.

Ni baada ya hapo tu ndipo twaweza kuzungumzia matumizi. Ardhi iliyoonekana kuwa salama ilimwe. Ile yenye sumu ya wastani ipandwe miti ya mbao, wala si mahindi na sukuma wiki. Ile iliyoharibika kabisa ama udongo wake uchimbwe na kupelekwa mahali maalumu, ama ufunikwe kwa udongo wa mfinyanzi na kuzungushiwa ua.

Kwamba ardhi iliyoharibiwa yaweza kufufuliwa, hapana shaka. Kule Bamburi, katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mtaalamu René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti juu ya mwamba mtupu. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu ndizo zilizostawi. Mivinje ilidondosha majani, majongoo wakayasaga, na polepole rutuba ikapatikana. Leo pale ni msitu na bustani ya wanyama, Haller Park. Hata hivyo, tusiuige mfano huo kwa pupa. Bamburi yalichimbwa mawe ya chokaa. Tatizo lilikuwa ukosefu wa udongo, si sumu. Anayetaka kupanda Macalder kama ilivyopandwa Bamburi, bila kupima, atakuwa anafunika kidonda kwa nguo nzuri.

Wapo watakaouliza: fedha zitatoka wapi, na wananchi wana njaa ya ardhi? Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakubali kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipaye, na Sheria ya Madini ya 2016 inamdai mchimbaji aweke dhamana ya kurekebisha ardhi. Palipo na mchafuzi, na alipe. Pale ambapo amekwisha kutoweka, kama Macalder, mzigo ni wa serikali kuu na ya kaunti, kwani Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Na njaa ya ardhi haitulizwi kwa kumgawia maskini shamba litakalomlisha sumu.

Walimu na wanafunzi wana nafasi yao. Kuchimba udongo wenye sumu si kazi yao, kazi hiyo iachiwe wenye vifaa. Lakini waweza kukusanya masimulizi ya wazee na kuchora ramani ya kiwanda kilivyokuwa. Kifungu cha 35 cha Katiba hiyo hiyo kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi siku itakapoitishwa baraza la kugawanya kiwanja cha kiwanda, kabla ya kuuliza kila mtu atapata ekari ngapi, asimame mtu na kuuliza: udongo huu umepimwa na nani, na matokeo yako wapi?