Miguu ya Mbele Inapogonga

Dereva anafika gereji na kusema, "Mbele kunagonga." Fundi anabadilisha boljointi, na kesho yake mlio uko palepale. Fedha imetoka, gari halijapona. Kilichokosekana ni maelezo: gari linagonga au kutetemeka kwa mwendo gani, likikata kona au likifunga breki, kwenye lami au kwenye matuta?

Chukua usukani unaotetemeka kuanzia kilomita 90 kwa saa, kisha ukatulia ukipita 110. Mzunguko wa tairi la gari dogo ni karibu mita 2. Kwa mwendo wa 90, yaani mita 25 kwa sekunde, tairi huzunguka mara 12 na nusu kila sekunde. Gramu 30 zikizidi upande mmoja wa rimu, sentimita 20 kutoka katikati, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, na mvuto huo huzunguka pamoja na tairi. Punguza mwendo hadi nusu, nguvu hiyo inabaki robo.

Mbona basi mtetemo hupungua ukikimbia zaidi? Tairi pamoja na springi na bushi zake vina kasi yao ya asili ya kutikisika, mara nyingi kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Misukumo ya tairi ikilingana na kasi hiyo, mtikisiko hukua, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Ikiipita, hufifia. Dawa yake ni kubalansi matairi, kazi ya muda mfupi. Kabla ya hapo chungulia ndani ya rimu: tope lililokaukia humo linatosha kuleta balaa lote hili.

Mtetemo unaokuja ukikanyaga breki tu ni habari nyingine. Hapo tazama diski, kwa kuwa unene wake umeacha kulingana.

Mvumo unaopanda na mwendo hutokana na beringi au matairi yaliyolika vibaya. Barabara ikiwa wazi, pinda taratibu kushoto. Uzito utaegemea kulia. Mvumo ukizidi, shuku beringi ya kulia. Ukisikia ta-ta-ta huku umekata usukani wote na kukanyaga mafuta, kagua jointi ya nje ya shafti. Mpira wake ukichanika, grisi hutoka na mchanga huingia.

Mlio wa ko-ko kwenye matuta, kwa mwendo mdogo, ndio wenye washukiwa wengi: linki za stabilaiza, bushi, boljointi. Inua gari kwa jeki, liwekee stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, ni boljointi au beringi. Likicheza pembeni tu, mara nyingi ni tairodi. Boljointi iliyolegea haisubiri mshahara. Ikichomoka, tairi hulala na usukani hauliongozi tena, kwa hiyo gari hilo lisitoke gereji kabla ya kufungwa mpya.